Gari la familia lijaribu na familia yako, na ulipandishe Manyovu

Ukienda kuangalia gari peke yako, muuzaji atakupa funguo, mtazunguka Mwanga hapa Kigoma mjini, mtateremka mpaka Stesheni, mtarudi. AC inapuliza, redio inaimba, gari linateleza. Gari lolote linalowaka litafaulu mtihani huo.

Nawaandikia nyinyi mnaotafuta gari la juu la kubeba watoto, yale ya ukubwa wa kati: X-Trail, Harrier, Vanguard, Kluger, Outlander, Forester, CX-5. Ushauri wangu ni mmoja na ninausimamia. Lijaribu likiwa limebeba watu wako na mizigo yako, kwenye barabara utakayolipitisha kila siku. Mimi na mume wangu tulikagua magari kadhaa kabla ya kupata letu, na karibu kila jambo la maana tuliligundua gari likiwa limejaa.

Anza na siti, maana hazihitaji fundi. Harrier, Forester na CX-5 ni za watu watano. Vanguard, Outlander na Kluger zipo za watano na za saba, na baadhi ya X-Trail za T32, zile zilizotoka kuanzia mwisho wa 2013, nazo zina siti saba. Lakini usiridhike na kuhesabu siti. Mpandishe mtoto wako mkubwa kwenye siti ya nyuma kabisa, mfunge mkanda, kisha aliye mbele yake akae kama anavyokaa safarini. Kwenye gari moja tulilolipenda sana kwa macho, magoti ya binti yetu yalimpanda mpaka karibu na kidevu, kwa sababu sakafu ya nyuma iko juu na siti yenyewe iko chini. Kwenda naye hivyo mpaka Kasulu ni kumtesa. Vuta kila mkanda kwa nguvu na kwa ghafla, uone kama unakaza. Magari ya zamani mengine yana mkanda wa kiunoni tu kwenye siti ya katikati, na hapo ndipo mtoto mdogo huwekwa kila mara.

Halafu pakia. Sisi tulibeba madumu mawili ya mawese ya lita 20, maana ndiyo mzigo wetu wa kweli. Siti za nyuma kabisa zikiwa zimesimama, kwenye magari mengi ya saizi hii buti inabaki kama kabati jembamba. Dumu likilazwa litavuja, na mawese yakishaingia kwenye kapeti hayatoki. Likisimama, mlango unakataa kufunga. Heri ulijue hilo kwenye yadi ya muuzaji kuliko siku ya safari.

Mchukue na mzee wako. Mama mkwe alishika mlango wa gari moja lililonyanyuliwa, akaangalia hatua ya kupandia, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, siku ambayo hampo nitapandishwa na nani humu?" Tuliliacha palepale. Gari la juu ni zuri kwenye makorongo ya mvua, ila kama bibi hawezi kulipanda mwenyewe basi si lake, na kwetu bibi ni familia.

Siku ya kulijaribu, mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, huenda kuna kitu kinafichwa, kwa sababu injini yenye matatizo husema ukweli inapowaka baridi. Mtu mmoja asimame nyuma ya eksozi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto unaashiria maji yanaingia mahali pasipotakiwa, na mweusi ni mafuta kuungua vibaya. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando kama maziwa chini yake, shukuru, uondoke. Pima na kijiti cha oili, ukumbuke kilipofikia, kwa sababu utakipima tena mkirudi. Hili ni muhimu zaidi kwa injini ya Toyota ya 2400, ile 2AZ-FE iliyomo kwenye Harrier ya toleo la pili, tunayoiita "tako la nyani", Kluger na Vanguard. Ni injini ngumu na mafundi wote wanaijua, lakini baadhi ya zilizotoka miaka ya 2000 ya kati na ya mwisho zinajulikana kwa kula oili, na huko Marekani Toyota wenyewe waliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kilima. Toka mjini mpaka Mwandiga, kisha shika barabara ya Manyovu. Ni lami nzuri, inapanda kutoka bonde la ziwa kuelekea nyanda za Buhigwe na mpaka wa Burundi, na inapanda kwelikweli. Jaza watu, washa AC, nenda saa sita au saa saba jua likiwa kali. Usikimbie. Panda kwa mwendo wa familia, na usikilize.

Gari la kwanza tulilolipandisha lilikuwa na giaboksi ya CVT. Mjini lilikuwa tamu. Tulipofika kwenye mipando ya mbele tukiwa sita na madumu yetu, injini ilianza kupiga kelele bila gari kuvuta, kisha nguvu zikapungua kabisa, kama mtu kaondoa mguu kwenye mafuta. Hakuna taa iliyowaka. Muuzaji akasema ni petroli chafu. Fundi wetu alikuwa siti ya mbele, akaniomba nipaki pembeni, akanusa chini ya boneti, akasema, "Mama, hii gia imechemka." CVT haina gia za meno zinazobadilishana. Ina mkanda au mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kila kitu kinategemea oili yake maalumu. Oili hiyo ikichakaa au ikipanda joto kupita kiasi, kompyuta ya gari hupunguza nguvu ili giaboksi isife. Ukisimama ikapoa, gari linarudi kuwa zima, na ndiyo maana muuzaji anaweza kukuapia kuwa halina shida.

Sisemi usinunue CVT. Harrier ya 2013 na kuendelea yenye injini ya 2000 isiyo na turbo, X-Trail za T32 na za T31 zilizoitangulia, Vanguard ya 2400, Forester za petroli zisizo na turbo kuanzia mwisho wa 2012, nyingi zimo humo na nyingi ni nzima. Ninachosema ni umuulize mwenye gari oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na ni ipi. Aliyeweka oili ya gia ya kawaida kwa kubana senti ameshaanza kuiua. X-Trail ya T31 inataka oili ya NS-2 na T32 inataka NS-3. Mwenye gari anayezitaja bila kusita amekuwa akilitunza. CX-5 na Kluger za petroli zinatumia otomatiki ya kawaida, na kwa barabara yetu ya vilima hilo lilinivuta sana.

Walioko Tabora hawana kilima kama hiki. Nyinyi lipakieni, mtoke nalo mchana kwenye barabara ya vumbi kwa saa nzima AC ikiwa imewashwa, mkirudi mliache linaunguruma limesimama. Angalieni mshale wa joto na msikilize kama feni inaingia na kutoka.

Mkianza kuteremka kurudi Mwandiga, jaribu breki. Usukani ukitetemeka unapokanyaga, diski zimepinda. Pita kwenye makorongo polepole, vioo vikiwa vimefungwa na redio imezimwa: kila "ko-ko-ko" chini ni bushi, boljointi au shokapu, na ni hela. Ukifika, fundi aingie chini. Aangalie sampo kama imegongwa, chesesi kama imechomelewa, na ukungu wa oili kwenye giaboksi. Fundi awe wako, umemlipa wewe.

Mpe pia nafasi ya kulipima kwa mashine. Kuna ujanja mmoja ujue: mtu anaweza kufuta makosa yote kwenye kompyuta saa moja kabla hujafika. Akifanya hivyo, kwenye magari mengi mashine itaonyesha kuwa vipimo vya ndani vya gari havijakamilika, kwa sababu kompyuta huhitaji muda barabarani kujipima upya. Mwambie fundi aangalie hapo, asiishie kusema "haina kosa".

Taa ya eabegi lazima iwake unapofungua swichi, kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa makusudi. Na hili naomba mlichukulie kwa uzito. Mamilioni ya magari ya Japani, Toyota, Nissan, Honda, Mazda na mengineyo, yaliitwa yarudishwe kwa sababu ya eabegi za Takata, ambazo baruti yake huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na ikilipuka hurusha vipande vya chuma. Watu wamekufa, Marekani na Malaysia zikiwemo. Joto na unyevu tunavyo hapa ziwani. Chukua namba ya chesesi, iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, uone kama lilishafanyiwa matengenezo hayo.

Tairi soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zenye kina kizuri lakini za miaka kumi ni za kubadilisha.

Kuhusu gharama, kumbuka tuko mbali. Bei za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila mwezi huwa juu Kigoma kuliko Dar es Salaam, na spea nyingi tunaziagiza Kariakoo na Ilala, zije na basi. Kabla ya kutoa hela, pita kwa mafundi wawili watatu wa Mwanga, uwaulize gari hilo wamewahi kulifungua mara ngapi. Sisi tuliishia na Kluger ya siti saba kwa sababu hiyo, ingawa X-Trail ilikuwa mpya zaidi.

Karatasi ni za mwisho. Namba ya chesesi kwenye bodi ilingane na ya kwenye kadi, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na faini za barabarani zikaguliwe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi mtandaoni. Ukiambiwa kadi iko benki, malipo yako yapite benki hiyo hiyo, kadi itoke mkiwa mmekaa pale wote, kisha mwende TRA pamoja kubadilisha jina siku hiyo hiyo.