Ninunue saa ya GPS ya gofu, au simu inanitosha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nacheza gofu hapa Dar es Salaam, uwanja wa Lugalo, karibu kila Jumamosi. Handikapu yangu, yaani mapigo ninayopewa juu ya kiwango cha uwanja, ni 24. Wenzangu ninaocheza nao wameshanunua saa za GPS, kila mmoja anasoma yadi zake mkononi, mimi nimebaki kumuuliza kedi, msaidizi anayenibebea fimbo. Nikinunua, handikapu itashuka? Na kipi bora, saa au ile darubini ya leza? Mwisho wa mwaka nitakwenda kucheza Nairobi pia.

Jibu: Marahaba. Kwa sasa usinunue. Nitakueleza kwa nini, kisha nikwambie lini pesa yako itakuwa na maana.

Kifaa cha kawaida cha GPS kinajibu swali moja tu: kutoka uliposimama hadi kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, ni yadi ngapi. Fimbo yako namba 7 inafika wapi, hakijui. Wengi ninaowafundisha wa kiwango chako, ukiwauliza umbali wa namba 7, wanakutajia ule wa siku mpira ulipowakubali. Kama unaamini unapiga 150 na kawaida yako ni 130, saa itakupa namba sahihi kabisa na mpira utaishia bankani, kwenye shimo la mchanga, vilevile.

Kwa hiyo anza na simu uliyonayo. Programu kama Hole19 na 18Birdies zina toleo la bure linaloonyesha umbali wa kufika grini. Penye anga wazi, GPS ya simu hukosea kama mita 5 hivi, na kwa mchezaji wa 24 kosa hilo ni dogo kuliko tofauti ya pigo lako zuri na pigo lako baya. Itumie kupima fimbo zako: mahali tambarare, weka alama ulipopigia, tembea hadi mpira uliposimama, andika. Pigo baya nalo liandike. Ila kumbuka kwamba simu inapima mpira uliposimama, si ulipotua. Kiangazi ardhi ikikauka mpira unabingirika sana, na ukitaka kuvuka bwawa au banka, unachohitaji ni umbali wa hewani.

Kitu cha pili utakachojifunza ni kusoma namba tatu badala ya moja. Tuseme skrini inaonyesha mbele ya grini 138, katikati 152, nyuma 167. Kedi amekwambia “mia na hamsini”, na hajakosea, maana amekupa katikati. Lakini leo bendera ya shimo imewekwa nyuma kabisa, kama 163. Kati ya ukingo wa mbele na bendera hiyo kuna yadi 25, yaani tofauti ya fimbo mbili nzima. Hapo ndipo GPS inapolipa, na hapo ndipo wengi wetu tunapoacha mpira nje ya grini kwa kuchukua fimbo fupi.

Kedi usimwache. Saa ya kawaida haijui upepo wa kusi umeamka, wala haijui grini hii inateremkia upande gani.

Ukishazijua fimbo zako na bado ukaona simu inakusumbua, kuitoa mfukoni kila pigo na betri kuisha kabla ya shimo la 18, nunua saa. Leza ni sahihi zaidi, inakupa umbali wa bendera yenyewe kwa kosa la yadi moja hivi, lakini lazima uione bendera na mkono usitetemeke. Nyuma ya miti au kilima haikusaidii. Mimi humshauri leza mtu ambaye tayari anaweza kuulenga upande fulani wa grini, na wewe hujafika hapo.

Kuhusu mashindano: tangu 2019 kanuni za gofu zinaruhusu vifaa vya kupima umbali, isipokuwa kamati ikikataza kwa kanuni ya uwanja. Kinachokatazwa ni kupima mwinuko wa ardhi au upepo. Leza nyingi zina kipimo cha mwinuko, basi kizime kabla ya kuanza. Ukikitumia mara ya kwanza, katika mchezo wa kuhesabu mapigo, unaongezewa mapigo mawili. Ukirudia unaondolewa.

Safari ya Nairobi ina hesabu yake. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi kwa takribani asilimia 6. Pigo lako la 150 la Dar litakaribia 159 kule. Namba ya saa ya kawaida ni ya ardhini tu, hesabu ya hewa unaifanya mwenyewe. Kwa mara ya kwanza, chukua fimbo fupi zaidi kwa hatua moja kwenye mapigo marefu uone.

Siku ukienda dukani, kabla hujalipa, hakikisha ramani ya uwanja wako imo ndani ya kifaa. Watengenezaji wakubwa kama Garmin hujaza makumi ya maelfu ya viwanja, lakini viwanja vidogo vya mikoani, hasa vya mashimo 9 yanayochezwa mara mbili, ndivyo vinavyokosewa au kuachwa. Kisha kijaribu uwanjani: simama kwenye alama ya yadi 150, ambayo kwa kawaida hupimwa hadi katikati ya grini, usome. Kikionyesha 147 au 154, chukua. Kikionyesha 170, ramani yao si ya grini yako.