Mchungaji, mwanasaikolojia na shingo iliyojipinda

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 24. Tangu tukimbie vita halali vizuri, na mwezi uliopita akaanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Hospitali walimpa haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti hizo, na kila Jumanne anaonana na mwanasaikolojia. Kwenye chumba cha maombi wamemwagiza siku saba za kufunga kavu, bila chakula wala maji, pamoja na mikesha. Naona kule na huku ni mambo yaleyale: unaketi, unatoa siri zako, unapewa kazi ya kufanya nyumbani. Tushike kipi? Tena siku ya tatu ya dawa shingo ilimpinda na macho yakapanda juu, wakasema pepo amejionyesha.
Dada mkubwa, Kadutu, Bukavu

JIBU: Dada, kufanana huko kupo kweli. Mwaka 1961 daktari wa akili wa Marekani, Jerome Frank, alionyesha kwamba tiba za namna hii, za kanisani au za kliniki, zina mambo manne: mtu unayemwamini, mahali palipotengwa, maelezo ya chanzo cha mateso ambayo mgonjwa anayakubali, na utaratibu ambao yeye mwenyewe anashiriki. Na hapa Bukavu hospitali ya akili ya SOSAME inaendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, basi usidhani dini na daktari lazima wagombane.

Lakini angalia jinsi siri inavyotolewa. Katika tiba moja ya majeraha ya moyoni yaliyoachwa na vita, mgonjwa hulaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa: ua kwa kila furaha, jiwe kwa kila balaa. Kisha jiwe moja husimuliwa polepole kwa saa moja na nusu hivi, na kikao hakifungwi mpaka hofu imeshuka. Kwenye maombi ya ukombozi mtu mara nyingi husimulia mbele ya umati na kuachwa pale kilio kilipo kikali zaidi. Hofu iliyokatizwa kileleni huwa inabaki. Hata mwanasaikolojia kwa kawaida husubiri sauti zitulie kwanza ndipo aguse mawe hayo.

Sauti zenyewe haziondoki kwa mazungumzo peke yake, wala kwa maombi peke yake. Dawa ndiyo msingi.

Shingo ile, sisi tunaisoma kama madhara ya haloperidoli: misuli hukakamaa, hasa kwa vijana na katika siku za kwanza. Sindano ya biperideni huilegeza upesi, mara nyingi ndani ya nusu saa. Ikirudi, mpelekeni siku hiyohiyo. Akishindwa kumeza au kupumua, hata usiku wa manane. Daktari atapunguza kipimo au kuongeza kidonge cha triheksifenidili, kinachozuia misuli kukakamaa. Msiamue wenyewe kutupa dawa. Anayeiacha anaweza kukaa wiki kadhaa ametulia kabla ugonjwa haujarudi. Ushuhuda unatolewa Jumapili, sauti zinarudi baadaye, halafu lawama inamwangukia mgonjwa kwamba imani yake ni haba. Tunaona huo ni ukatili.

Kufunga kavu, hapana: dawa hii inaweza kushusha presha, na mtu asiye na maji mwilini huanguka anaposimama. Mikesha ni mibaya zaidi, maana kukosa usingizi huchochea sauti. Maombi yawe mafupi, mchana, na ameshakula.

Nenda kwa mchungaji na mama au shangazi, si peke yako. Mwambieni wazi: mgonjwa asifungwe kamba, asipigwe, asinyimwe chakula wala usingizi, dawa isisimamishwe. Akikubali, mpeni kazi ambayo kliniki haiwezi: kumtembelea katikati ya wiki na kumkumbusha Jumanne yake. Akikataa, badilisheni chumba cha maombi.

Sauti zikianza kumwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, msingoje Jumanne. Andikeni kwenye karatasi jina la dawa, kipimo, siku aliyoanza na siku shingo ilipopinda. Atakayempokea usiku ataiomba hiyo kwanza.