Jibu: Mchumba amepata kazi ya hostesi Doha, nimpe hadi Ijumaa achague?

Usimtumie hiyo meseji. Kama ushaituma ifute kabla tiki hazijageuka bluu, alafu urudi hapa.

Ati mjomba wako amesema hostesi si mtu wa kuoa, wanalala mahoteli na marubani, so umwambie achague kati yako na ndege. Mimi sikuwa na mjomba, nilikuwa na binamu. Anauza spea za gari Kirinyaga Road, ndege anaionaga ikipita juu ya Mlolongo, lakini maisha ya mahostesi alikuwa anayajua kushinda mwenye ndege. Na mimi na digrii yangu nilikuwa nakaa chini namsikiliza kama redio.

Tulikuwa tunaishi Nyayo Estate pale Embakasi. Kwao Machakos nilikuwa nishapeleka ntheo, wale mbuzi watatu, kwa hivyo kwa Wakamba huyo alikuwa mke wangu, imebaki sherehe tu. Anaruka na kampuni ambayo sitaitaja. Shida ilianza na soja wa geti, akaniambia kwa huruma kabisa, "Mdosi, bibi yako alichukuliwa saa nane usiku na nisani imejaa wanaume." Hiyo ni gari ya kazi! Inazunguka Donholm, South B, Imara ikiokota watu wa zamu, na nilikuwa nalijua hilo, nishawahi hata kumbebea sanduku hadi kwa mlango wa hiyo gari. Lakini kitu unachokijua kikitoka kwa mdomo wa soja kinakuwa kingine.

Nikampigia binamu. Binamu akasema weka rekodi.

Sasa hapa ndio nataka usome pole pole. Rosta yake, ile ratiba ya safari zake, alikuwa anaibandika kwa friji, na mimi nikanunua daftari ya shilingi thelathini. Kila safari naandika saa ndege imetua kulingana na rosta, na saa yeye ameingia kwa nyumba. Rosta inasema 03:00, mimi hapo nasoma saa tisa usiku, na mama anaingia saa moja na nusu asubuhi macho mekundu, viatu mkononi, anasema amechoka. Saa tisa hadi saa moja na nusu, kutoka uwanja wa ndege wa JKIA hadi Nyayo Estate! Hata ukitambaa unafika. Nikaona safari ya kwanza, ya pili, ya tano, kila mara kuna masaa matatu hayana mwenyewe. Nikijaribu kumuuliza kwa mzunguko ananiambia "si nimetoka tu kazini", analala. Nikajaza kurasa kumi na moja. Sikuwahi kumuuliza swali moja la moja kwa moja, kwa sababu binamu alisema ukiuliza utamshtua.

Jumamosi moja nikachukua wazee wawili, nauli yangu, chakula changu, na binamu kama shahidi mkuu, tukaenda kwa baba yake. Tukapewa chai. Nikasimama nikasema sina raha, bibi analala mahoteli, na kuna masaa yanapotea, ama aache kazi ama tuongee habari ya mbuzi. Nikatoa daftari. Nikaisoma, buda, kwa sauti, mbele ya shangazi zake!

Yeye alikuwa ameitwa, yuko pale kwa kona. Akaomba daftari, akaifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akasema, "Hizi saa ni za Zulu."

Binamu akaruka, "Ahaa! Kumbe ni Mzulu!"

Hakuna Mzulu. Saa ya Zulu ni ile ya UTC ambayo ulimwengu wote wa ndege unatumia ndio watu wasichanganyikiwe, na Nairobi tuko mbele yake kwa masaa 3. 03:00 ya kwa friji ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya hapa kwetu. Yale masaa yangu matatu yaliyopotea alikuwa bado hewani anamwagia watu chai.

Mzee wake alikuwa gadi wa treni zamani. Hakunikemea. Akaniambia, "Kijana, mimi nililala Mombasa siku mbili kila wiki, miaka mingi, kwa vyumba vya reli. Mama yao hapa hakuwahi kuniletea wazee." Alafu akauliza kama chai imetosha.

Nilirudi kazini Jumatatu, jioni nikapata friji haina kitu juu yake. Mbuzi hawakurudi, na sikudai. Sikuhizi yeye ni msimamizi wa wenzake kwa ndege, ana watoto wawili, si wangu.

Kinachoniuma zaidi si hata hao mbuzi. Alikuwa anasimama sebuleni usiku akifanya mazoezi ya kupiga kelele, "Fungua mkanda! Acha mzigo!", mimi namcheka. Alikuwa anasimulia ile ndege ya Ethiopia ya 1996, ilikuwa inakuja huku Nairobi kutoka Addis, ikatekwa, mafuta yakaisha ikaanguka baharini Komoro, na wengi walijaza upepo yale maboya ya kuvaa wakiwa bado ndani, maji yakawainua wakabanwa juu. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Ndio maana akifika kwa ile sentensi ya "usijaze boya ndani ya ndege" hakuwa anatabasamu, na mimi nikidhani ni madharau. Alafu Januari 2024 naona ile ya Japani ikiwaka moto pale Haneda, spika za ndani zimegoma, wahudumu wanapaza sauti tu na vipaza sauti vya mkono, wanafungua milango 3 kati ya 8, watu wote 379 wakatoka hai. Niliangalia hiyo video kwa matatu nikashuka stage isiyo yangu.

Na hayo maneno ya mjomba wako hata si yake. 1930 mahostesi wa kwanza kule Marekani walikuwa manesi. 1971 kampuni ya National Airlines ikaweka wasichana kwa matangazo, kila mmoja anataja jina lake anamwambia mteja "Fly me", yaani nirushe, kwa mafumbo ya chumbani. Mjomba anakuhubiria tangazo la zaidi ya miaka hamsini iliyopita na hajui.

Kwa hivyo rosta. Mwambie akufundishe kuisoma, kila herufi, stendibai ni nini, kulala nje ni wapi, na uulize imeandikwa kwa saa za wapi. Usifanye lingine kabla ya hilo. Yale mengine uliyouliza, ya mshahara na ploti ya Joska iandikwe jina la nani, wengine humu watakujibu, mimi sina akili ya ploti.

Doha na Nairobi saa ni zilezile, hapo umenishinda. Lakini bado uliza.