Tairi moja moja au mbili mbili nyuma kwa tela zito?

Ndugu, umeuliza kama pikapu ya Ford F-350 yenye tairi moja moja nyuma itatosha kuvuta tela la makazi la kilo 7,000 huko Marekani, au uongeze fedha upate yenye tairi mbili mbili. Kwa tela la uzito huo, ambalo huegemea juu ya bodi ya gari, ninakushauri uchukue ya tairi mbili mbili.

Suala si nguvu ya injini, kwa kuwa zote mbili zitavuta. Kinachoamua ni uzito unaokaa juu ya ekseli ya nyuma. Tela la aina hiyo kwa kawaida huweka asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake juu ya gari, hivyo kwa asilimia 20 tayari ni kilo 1,400, kabla hujahesabu kiungio, abiria na mizigo yao. Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko kinachotaja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa gari hilohilo, kisha upige hesabu kabla ya kulipa. Tairi nne za nyuma, mbili kila upande, pia hupunguza kuyumba kwa upepo wa ubavuni, na moja ikipasuka, iliyo kando yake husaidia kulibeba gari hadi usimame salama.

Ni kweli utakuwa na upana wa karibu mita 2.4 na tairi sita za kununua. Tairi ya ndani husahaulika sana. Ipime upepo kabla ya kila safari, na uondoe jiwe lolote lililobanwa kati ya tairi hizo mbili.

Tela la kilo 3,000 linalofungwa nyuma ya bampa halihitaji gharama hiyo.