CNC kubwa ya mbao: kabla ya bei, niambie unakata bodi ngapi kwa wiki

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una karakana ya kabati za jikoni, mafundi watano, mnakata kama bodi 12 kwa wiki kwa msumeno wa meza. Una milioni 45 mkononi, na kuna CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) ya meza ya 2030, yaani milimita 2000 kwa 3000, iliyotumika umeiona Mbagala. Unauliza uchukue hiyo au uagize mpya China. Waliotangulia wamekujibu habari za bei na chapa ya spindo, ile mota inayozungusha biti ya kukatia. Mimi ninayo ya saizi hiyo hiyo hapa Dar, huu mwaka wa sita, na nataka kuanza na kitu ambacho hakuna aliyekigusa: hizo bodi 12.

Mashine hii ikishakaa sawa, bodi ya futi 8 kwa 4 inaimaliza kwa dakika 12 hadi 15. Hapo nimehesabu kupakia, kukata, matundu ya bawaba ya milimita 35, vitundu vya pini za shelfu, na kushusha. Kwa hiyo bodi zako 12 ni saa tatu. Ukiiwasha Jumatatu saa mbili asubuhi, saa tano umemaliza kazi ya wiki nzima, halafu inakaa pale inakutazama mpaka Jumatatu nyingine. Na kama umekopa, mkopo wenyewe hauna Jumatatu wala Jumapili.

Mimi yalinikuta hayo hayo. Nilidhani nikikata haraka nitauza haraka. Kilichotokea ni kwamba vipande vilirundikana mpaka usawa wa kifua mbele ya fundi mmoja aliyekuwa anabandika eji, ule ukanda wa kuziba kingo za bodi, kwa pasi na kupunguza kingo kwa patasi. Kasi ya karakana yangu yote ikawa kasi ya ile pasi. Nilikuwa na mashine ya mamilioni inayomsubiri mtu mwenye pasi ya elfu thelathini! Ningeanza upya leo, mashine ya kubandika eji ndiyo ningeinunua kwanza, na kukata ningepeleka kwa mwenye CNC mpaka foleni yake inichoshe.

Kilichoniokoa ni kukatia watu. Mafundi wa Keko na Buguruni wanakuja na bodi zao kwenye guta na vipimo kwenye karatasi ya daftari, kijana wangu anaviingiza kwenye programu, anawakatia, wanalipa kwa bodi. Leo zaidi ya nusu ya saa za mashine ni kazi za watu wengine. Ila ujue hiyo ni biashara tofauti na kutengeneza kabati. Unakuwa kama mwenye mashine ya kusaga: mteja amesimama pale na gunia lake, hana habari na matatizo ya mashine yako.

Tuje kwenye mashine yenyewe. Saizi ya 2030 nakuunga mkono. Wengi wanakimbilia 1325 kwa sababu ya bei, na kwa bodi za futi 8 kwa 4 inatosha, maana meza yake ni milimita 1300 kwa 2500. Lakini chipubodi nyingi za melamini, zile zenye uso mgumu wa plastiki, zinakuja futi 9 kwa 6, na hizo kwenye 1325 hazilali. Utakuwa unazipasua kwa msumeno kwanza ndipo uziweke kwenye CNC, sasa umenunua ya nini?

Umeme usiufanyie mzaha. Kwangu spindo ni kilowati 9, pampu ya vakyumu 7.5, kinyonya vumbi 5.5, mota za mwendo na kompresa kama 5. Jumla kilowati 27, na ni fezi tatu. Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida kwa ile sekunde ya kuanza, kwa hiyo jenereta ya kujibanabana itazima hapo hapo. Kama karakana yako bado iko fezi moja, maliza hilo kwanza, usije ukawa na kontena mlangoni na fundi umeme anakuna kichwa.

Na kuna kifaa kimoja kidogo, rilei ya kulinda fezi, inayokata umeme fezi moja ikipotea. Bei yake ni kama chakula cha mchana cha karakana nzima. Mimi sikuwa nayo. Jumamosi moja fezi moja ikapotea, spindo ikasimama kwa sababu inveta yake, kifaa kinachoiendesha, inajilinda, lakini pampu ya vakyumu ikaendelea kunguruma kwa fezi mbili zilizobaki. Sisi tuko upande wa spindo tunatafuta kosa lake, nyuma ya ukuta mota inaiva. Tulipoisikia harufu ilikuwa imekwisha. Niliipeleka Gerezani wakaisuka upya, siku nne, na wateja wa kukatiwa hawakai siku nne.

Sasa vakyumu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mashine hizi zinapoaibisha watu.

Bodi haishikwi na vibano. Inashikwa na hewa: pampu inanyonya chini ya meza, na hewa ya juu inaikandamiza bodi. Geji ikisoma 0.07 chini ya sifuri, kwa zile megapaskali zilizoandikwa kwenye uso wake, ni kama kilo 0.7 kwa kila sentimita ya mraba. Mlango wa kabati wa sentimita 60 kwa 40 unakandamizwa kwa zaidi ya kilo 1,600, huutikisi. Lakini kipande cha 10 kwa 10 kinapata kilo 70 tu kwenye karatasi, na kiuhalisia pungufu ya hapo, kwa sababu kadiri unavyokata ndivyo unavyofungua mifereji ya hewa kuvuja pembeni yake. Biti inakisukuma kwa ubavu, kinateleza, kinaharibika, kikirushwa kinamtafuta mtu.

Kwa hiyo vipande vidogo unavipanga katikati ya bodi, sio pembeni. Unaacha ngozi ya nusu milimita kwenye mzunguko wa kwanza, unaimalizia mwishoni. Na ule ubao wa MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa) unaolala juu ya meza, ubao wa kafara, unaparwa pande zote mbili kabla ya kuuweka, kwa sababu ngozi ya MDF imeshindiliwa na haipitishi hewa vizuri. Kingo zake zipake rangi ya mafuta zisivute hewa. Hakuna aliyenifundisha hilo la kingo, nililigundua siku nilipopitisha kiganja pembeni mwa meza nikausikia upepo unaingia.

Lakini mwalimu wangu hasa alikuwa joto la Dar. Pampu yangu ni ile inayotumia maji. Pete ya maji inazunguka ndani yake, ndiyo inayoziba na kunyonya, na maji yale yale yanarudi kwenye tanki na kuzunguka tena. Aliyenifungia mashine aliniwekea pipa la lita 200, nyuma, juani. Asubuhi kila kitu safi, geji 0.07. Saa nane mchana vipande vinaanza kucheza. Tukabadilisha biti, tukapara meza, nikamgombeza kijana bila kosa lake. Wiki mbili hivyo. Siku nilipotia mkono kwenye lile pipa nikautoa haraka, maji yalikuwa ya kuogea mtoto mchanga, na zaidi. Maji yakipata moto yanatoa mvuke ndani ya pampu, pampu inakazana kunyonya mvuke wake yenyewe badala ya hewa ya mezani. Geji ilikuwa inashuka mpaka 0.045 na hakuna aliyekuwa anaitazama.

Nikaweka simtanki la lita 2,000 chini ya kivuli, maji yanarudi juu upande mmoja na kuvutwa chini upande wa pili ili yapate muda wa kupoa. Tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Halafu nikaharibu tena kwa kujaza maji ya kisima ili nibane matumizi. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, ndani ya mwaka pampu ikajaa magamba kama birika la zamani. Sasa nakinga ya mvua.

Jambo la mwendo wa biti nilisema juzi kwa mtu mwingine, nalirudia. Fundi aliyetoka kwenye zana za mkono anaihurumia mashine. Akiiona inakimbia anapunguza mwendo, anadhani anaokoa biti, kumbe anaiua. Biti inapoa kwa kutoa kipande cha mbao chenye unene, kile kipande ndicho kinachoondoka na joto. Hesabu ni nyepesi: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya makali, mara unene unaotaka kila kali litoe. Mizunguko 18,000, makali mawili, milimita 0.4, unapata milimita 14,400, yaani mita 14.4 kwa dakika. Ukishusha mwendo mpaka mita 3 bila kushusha mizunguko, kila kali linatoa chini ya milimita 0.1, hapo hukati tena, unasugua. Kijana wangu aliunguza biti tatu mpya kwa siku moja kwa huruma hiyo. Sasa ameambiwa shika kinachotoka: ukiona unga mtupu kama wa sembe na biti imeshika moto, ongeza mwendo au punguza mizunguko.

Kwa chipubodi ya melamini tumia biti ya kompresheni, ile ambayo makali ya chini yanavuta juu na ya juu yanasukuma chini, ili nyuso zote mbili zisichanike. Mzunguko wa kwanza uzame kupita lile eneo la chini linalovuta juu, la sivyo uso wa juu utatoka umeng'atwa. Biti hizo sio rahisi, na melamini inazila. Ziweke kwenye hesabu ya bei ya bodi tangu siku ya kwanza.

Umeuliza pia kuhusu milango ya kuchonga, ile ya nakshi za Kizanzibari ambayo kila mwenye nyumba mpya anaitaka. Inapendeza na wateja wapo, lakini piga hesabu ya muda kabla ya kutaja bei. Paneli ya milimita 600 kwa 900, biti inasogea milimita 0.4 kila mstari, ni mistari 1,500 yenye urefu wa mita 0.9. Hizo ni mita 1,350. Kwenye mninga au msaji wenye nakshi za kina mashine haitembei zaidi ya mita 4 kwa dakika, kwa hiyo ni zaidi ya saa tano na nusu kwa paneli moja, na bado hujapitisha biti nene ya kuondoa mbao ya ziada kabla ya hapo. Mlango wa paneli nne ni siku mbili au tatu za mashine. Mwanzoni nilikuwa nauza milango hiyo kwa bei ya mbao na mazoea, nikawa namlipia mteja umeme. Siku hizi natoza kwa saa, na anayeona ghali namwelekeza kwa mzee mmoja wa patasi ambaye, kusema kweli, kazi yake inapita ya mashine.

Na umeme ukikatika katikati ya saa tano hizo? Kompyuta ya mashine iwe na UPS, na umfundishe kijana namna ya kuendelea kutoka mstari ulipokatikia. Asipojua, paneli ya msaji inakuwa kuni.

Vumbi nitasema kwa ufupi tu kwa kuwa nimeandika mengi. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, ililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani tangu 1995, na MDF ina gundi ya fomaldehaidi juu yake. Kinyonya vumbi kikae nje ya ukuta, mifuko imwagwe kila jioni. Mara moja tulikata mbao iliyokuwa na msumari, cheche ikavutwa na bomba, mfuko ukafuka moshi taratibu mpaka mlinzi alipouona saa nne usiku. Tangu hapo mfuko haulali na vumbi.

Reli za chuma na hewa ya bahari hazipatani pia. Kitambaa na mafuta mepesi kila Jumamosi kabla ya kufunga. Grisi usiweke nyingi, ikichanganyika na unga wa MDF inakuwa msasa.

Sasa jibu lako. Kwa bodi 12 za wiki mimi nisingenunua, mpya wala ya zamani. Nunua mashine ya eji, kata kwa mwenye CNC, na anza kuuliza mafundi wenzako wa mtaani wangekupa bodi ngapi. Siku bodi zikifika 50 kwa wiki, zako na zao, rudi tuongee.

Kama moyo umeshaingia kwa hiyo ya Mbagala, usiende asubuhi. Nenda saa nane mchana, siku ya jua. Beba bodi yako mwenyewe ya melamini na mchoro wa vipande 40 vya sentimita 10 kwa 10, mwambie akukatie vyote bila kusimama. Wakati inakata usiitazame spindo, kila mtu anaitazama spindo. Simama kwenye geji ya vakyumu, halafu zunguka nyuma utie mkono kwenye tanki la maji.