Asubuhi Samweli Alifungua Milango

Kwa miaka kama sita hivi nilikuwa nasubiri Mungu aniite. Nilikuwa nimeshaokoka, naimba kwaya, natoa zaka, na nyumbani nina Biblia tatu. Lakini wito, ule wa kusimama mbele za watu na kusema "Bwana alisema nami", sikuwa nao, na waliokuwa nao niliwaonea wivu kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Nikakesha, nikafunga, nikahudhuria makongamano. Mhubiri mgeni akiita watu mbele kuombewa, mimi ndiye wa kwanza kuinuka. Niliwekewa mikono mara nyingi hadi rafiki yangu mmoja akanitania kwamba nisipoangalia nitapata upara kabla ya kupata upako.

Katikati ya miaka hiyo mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni baada ya ibada. Kulikuwa na bibi, mshirika wa siku nyingi, ambaye macho yalikuwa yamekwisha na hawezi tena kujisomea. Je, ningeweza kwenda kumsomea Biblia saa moja kila Alhamisi jioni? Nilikubali kwa sababu moja tu: sikupata udhuru upesi. Moyoni nilinung'unika. Mimi natafuta kazi ya Mungu, huyu ananipa kazi ya kusoma kwa sauti.

Alhamisi ya kwanza nilimkuta ameketi tayari, mikono mapajani. Shikamoo, marahaba, kisha akataka Injili ya Marko tangu mwanzo. Nikaanza kwa ile sauti ya mtangazaji wa habari, nikiwa na jicho moja kwenye saa ya ukutani. Tukafika kwa yule mwenye ukoma, mwishoni mwa sura ya kwanza: "Naye akamhurumia, akanyosha mkono wake, akamgusa, akamwambia, Nataka, takasika."

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Alimgusa kabla hajapona, au baada ya kupona?"

Ilibidi niangalie. Akamgusa, kisha akasema neno, ndipo ukoma ukamwondoka. Kabla. Alimgusa mtu ambaye torati ilikuwa imemweka nje ya kambi, akiwa bado na ukoma wake. Marko nilikuwa nimeisoma labda mara kumi na sikuwahi kuliona hilo. Bibi akatikisa kichwa taratibu, akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Basi, leo tuishie hapo. Hiki kinanitosha wiki nzima."

Mimi nilikuwa mtu wa kumaliza. Biblia ina sura 1,189, na ukisoma tatu au nne kwa siku unaimaliza kwa mwaka. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka miwili mfululizo, na karatasi yenye alama za vema ilibandikwa nyuma ya mlango wangu. Sisemi ni vibaya, kuna mtu anahitaji kuiona Biblia nzima kabla hajatulia mahali pamoja. Ila kwangu mimi alama zile ndizo zilikuwa zimegeuka kuwa imani yenyewe. Kwa Bibi, sura 16 za Marko zilituchukua karibu mwaka.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia, nitakwambia chukua kitabu kifupi, usome kidogo, na usome kwa sauti hata ukiwa peke yako chumbani. Ukisoma kimya jicho linaruka. Sauti haiwezi kuruka, maana lazima itamke kila neno, na sikio nalo lipate sehemu yake. "Imani, chanzo chake ni kusikia," Paulo aliwaandikia Warumi, na kwa karne nyingi kabla vitabu havijaanza kuchapwa Wakristo wengi hawakuwa na njia nyingine ya kulipata Neno. Kisha uliza maswali ya kitoto kama ya Bibi. Nani alisogea kwanza? Nini kilitangulia? Nani yupo pale na hasemi kitu? Maswali hayo yalinifungulia mengi kuliko vitabu vya maelezo nilivyonunua.

Siku moja, tukiwa tumemaliza kusoma, nilimmwagia yote. Nikamweleza mikesha, mifungo, miaka ya kungoja sauti. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Nilikasirika kidogo. Alipotulia akasema, "Nisomee Samweli wa kwanza, sura ya tatu."

Hadithi hiyo kila aliyepita shule ya Jumapili anaijua, na nadhani ndiyo maana hatuisomi tena. Jaribu kuisoma kama mgeni. Neno la Bwana lilikuwa adimu siku zile. Eli, kuhani, ni mzee, macho yamepofuka. Samweli analala hekaluni. Halafu kuna mstari wa 7, ambao ulinipiga ngumi ya tumbo: Samweli alikuwa hajamjua Bwana bado. Anahudumu hekaluni, amelala karibu na sanduku la Mungu, na hajamjua. Nikafikiri juu ya kwaya yangu, zaka yangu na Biblia zangu tatu.

Mungu anaita, na kijana anakimbilia kwa Eli: "Mimi hapa, maana umeniita." Hapana, sikukuita, rudi ukalale. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hivyo hivyo. Hebu fikiria wewe ndiye umeamshwa usiku mara tatu kwa kazi ya mzee asiyeona, na kila ukifika anasema hajakuita. Mara ya pili tu mimi ningejifunika blanketi na kusema mzee huyu kazidi. Samweli aliinuka mara zote tatu. Sauti ya Mungu ilimjia ikifanana mno na sauti ya kazi yake ya kila siku hata hakuweza kuzitofautisha, na kama asingekuwa na mazoea ya kumwitikia Eli asingemwitikia Mungu.

Nilipomaliza sura nikafunga Biblia. Bibi akauliza, "Asubuhi alifanya nini?"

Nikasema alitoa unabii.

"Fungua uangalie."

Mstari wa 15: Samweli akalala hata asubuhi, akaifungua milango ya nyumba ya Bwana. Ametoka kusikia sauti ya Mungu wa Israeli usiku ule, na kulipokucha alikwenda kufungua milango, kama jana na juzi. Tena aliogopa. Ujumbe aliopewa ulikuwa mzito, ulihusu nyumba ya mzee yule yule aliyemlea, naye hakutaka kuusema.

Bibi hakunifafanulia chochote. Aliomba maji ya kunywa tu.

Miezi michache baadaye tulikuwa kwenye Luka, tukafika kwa Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri. Anasimama na kusema kwamba ikiwa amenyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Nilisoma mstari ule na sauti ikanikwama. Kazini kwangu tulikuwa tunajaza fomu ya saa tulizofanya kazi, na kwa muda mrefu nilikuwa naandika saa ambazo sikuzifanya. Si nyingi. Nusu saa hapa, saa moja pale, na kila mtu alikuwa anafanya. Hakukuwa na sauti wala maono, na nywele hazikunisisimka. Ila nilijua, kama unavyojua kwamba umeacha mlango wazi.

Nilikaa na jambo hilo siku nane. Siku ya tisa nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi na hesabu niliyoipiga mwenyewe. Natamani ningekwambia kwamba alitokwa machozi na kuokoka. Aliniangalia kama mtu aliyeletewa usumbufu, fedha zikakatwa kwenye mshahara kwa miezi kadhaa, na kwa kuwa sasa fomu za wote zilianza kukaguliwa, mwenzangu mmoja hakunisalimia kwa muda mrefu. Ukiniuliza leo lini Mungu aliniita kwa mara ya kwanza, nitakutajia fomu ile, si mikesha.

Watu wengi wanaoniandikia kuhusu wito wanauliza kama waache kazi. Wengine wanaitwa waache, ni kweli. Petro aliacha nyavu. Lakini soma Kutoka sura ya 31 uone Bezaleli: Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza mtu huyu roho ya Mungu, ili afanye nini? Afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe na mbao. Fundi. Na Paulo huko Korintho alikuwa anashona hema na Akila na Prisila. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, uliza kwanza kama umewahi kumtumikia Mungu ukiwa ndani ya kazi hiyo.

Sasa, utajuaje kama ni Mungu au ni tamaa yako imevaa kanzu? Hili nimelikosea, kwa hiyo nitalisema. Wakati fulani nafasi ya kuongoza vijana ilibaki wazi kanisani na mimi niliidaka kwa mikono miwili. Nilisema ni Bwana. Ilikuwa kipaza sauti. Ndani ya mwaka nilikuwa nimechoka, nina hasira za karibu, na Jumapili moja nilimkaripia kijana mbele ya wenzake kwa kosa dogo mpaka akatoka nje analia. Nilimfuata kumwomba radhi, kisha nikaachia nafasi ile.

Baadaye nilikutana na habari za Ignatius wa Loyola, askari wa Kihispania aliyevunjwa mguu na mzinga mwaka 1521 vitani Pamplona. Akiwa kitandani anauguza, alikuwa anaota mambo mawili: ushujaa wa kidunia, na kumtumikia Mungu kama watakatifu aliokuwa anasoma habari zao. Ndoto zote mbili zilimfurahisha wakati akiziota. Tofauti aliigundua baadaye: ile ya kwanza ilimwacha mkavu, na ile ya pili ilimwacha na furaha iliyokaa. Nami tangu hapo sipimi wito kwa joto la siku ile ya mkutano. Nasubiri. Naangalia wiki mbili zijazo wazo hilo limeniachia nini, na nyumbani kwangu wanasemaje juu yangu.

Usichanganye hilo na wepesi. Kuna kitu kinaogopesha na bado ni cha Mungu, maana hata Samweli aliogopa. Hofu na ukavu ni vitu viwili.

Tena tafuta Eli wako. Samweli peke yake angeendelea kukimbia huku na huku hadi alfajiri, na ilihitajika mtu mwingine kutambua kwamba ni Bwana anayemwita. Angalia pia ni mtu gani: baba aliyeshindwa kuwazuia wanawe, ambaye hukumu yake ndiyo ilikuwa inatangazwa usiku huo huo. Usitafute mtu mkamilifu, maana hutampata. Mtafute anayemjua Mungu kwa muda mrefu, asiyefaidika na jibu lako, na asiyeogopa kukucheka.

Kuna majira pia ambapo husikii kitu kabisa, na hapo ushauri wangu ni mfupi. Endelea kufungua milango. Barua za Mama Teresa zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, watu walishtuka kuona kwamba kwa miongo mingi aliishi katika giza la ndani, akiomba bila kuhisi kitu, huku akiendelea kuwahudumia maskini. Mimi zilinifariji. Maneno yako yakiisha, azima: Zaburi ya 13 inauliza "hata lini", na ya 88 inaishia gizani bila hata kujaribu kujifariji. Kama ziliruhusiwa kuingia kwenye Biblia, wewe nawe unaruhusiwa kuziomba.

Bibi alifariki tukiwa katikati ya Matendo ya Mitume. Kwenye mazishi sikuombwa kuhubiri, niliombwa kusoma. Nilisoma ya yule mwenye ukoma, mistari mitatu tu, taratibu kama alivyopenda, na nilipofika kwenye "akamgusa" nilirudia. Nadhani mchungaji aliangalia saa.

Alhamisi zangu sasa ni za mzee mwingine, mkali kidogo, ambaye hataki kusikia kitabu kingine ila Ayubu. Mimi Ayubu sikuwahi kumpenda, hotuba za wale marafiki zake zinanichosha, na nimemwambia hivyo. Akanijibu nisome tu. Zimo sura 42. Juzi tumemaliza ya 18, ambayo ni Bildadi, mmoja wa marafiki hao, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wiki ijayo tunaanza ya 19.