Uliza Fundi wa Silaha za Kale: Bastola za fataki zilizogeuzwa kula risasi za ganda

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja: bastola za Marekani za karne ya 19 zilizoshindiliwa baruti na risasi kwa mbele, mtindo wa gobore, zikavikwa fataki (vikofia vidogo vya kuwashia baruti) nyuma ya silinda, kisha baadaye viwanda vikazigeuza zikaanza kula risasi zenye ganda, yaani risasi, baruti na fataki vikiwa kitu kimoja. Nazipenda bastola hizi kuliko silaha nyingine yoyote iliyowahi kupita mezani kwangu, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nakala ya Colt 1860 Army ya fataki, imetengenezwa Italia. Nataka igeuzwe ifanane kabisa na zile zilizotoka kiwanda cha Colt kule Hartford. Fundi niliyempata anasema atanifungia bamba la Richards na mtutu wa Mason, kwa kuwa ndivyo vipuri alivyo navyo, na eti hakuna atakayejua. Nikubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali.

Kabla hajashika tupa, mwulize fundi wako: bastola hii ni ya mwaka gani? Akishindwa kujibu, hajui anachokitengeneza. Bastola hizi hazikubuniwa mara moja na mtu mmoja. Charles Richards wa Colt alipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya namna yake ya kuzigeuza tarehe 25 Julai 1871, na mwenzake William Mason akapewa yake tarehe 2 Julai 1872. Kati ya tarehe hizo mbili kiwanda kilikuwa kinajifunza, na kila hatua ya kujifunza imebaki kwenye chuma. Ukichanganya ovyo unapata kitu ambacho hakikuwahi kuwapo.

Itazame Richards ya kwanza kwa karibu. Walichukua bastola ya fataki iliyokwisha kutengenezwa, au vipuri vilivyojaa stoo. Silinda ilikatwa sehemu ya nyuma, zile chuchu sita za kuvikia fataki zikaondoka, na matundu yake yakatobolewa mpaka yakapenya upande wa pili. Pengo lililobaki kati ya silinda na fremu likajazwa na bamba la duara. Ndani ya bamba hilo mna pini yenye springi: nyundo inaigonga pini, pini inagonga fataki iliyo kitakoni mwa risasi, kisha inarudi yenyewe. Juu ya bamba kuna kilengeo cha nyuma, na ubavuni kulia kuna kilango cha kupakilia. Mtutu ni ule ule wa zamani. Tundu la mdeki, ule ufito wa kushindilia, limezibwa, na mahali ulipolala wenzo wa kushindilia pakafungwa ala ya chuma yenye ufito wa kusukumia maganda nje. Ukiushika mtutu huo na kupapasa chini yake, kidole kinakuonyesha palipozibwa. Mimi huanza hapo kila ninapoletewa bastola ya aina hii, hata kabla sijavaa miwani.

Mason alirahisisha kazi. Mtutu wake ulifuliwa upya bila mfereji wa mdeki, pini ikahamia kwenye nyundo, na kilengeo kikarudi kwenye mfuo ulio kichwani mwa nyundo, kama enzi za fataki. Bamba likawa jepesi kutengeneza. Kwa Army ya 1860, Richards zinahesabiwa kuwa kama 9,000, na Richards-Mason kama 2,100 tu.

Fundi wako atakuambia kwamba hata kiwanda kilichanganya. Ni kweli, ila kilichanganya kwa upande mmoja: mtutu wa Richards pamoja na bamba jepesi la mtindo wa Mason. Wakusanyaji wanaiita Richards ya pili, na inaeleweka, maana mitutu ya zamani ilikuwapo na ilibidi iishe. Anachokupa yeye ni kinyume chake: bamba gumu la zamani kwenye mtutu mpya. Hakuna mkuu wa kiwanda ambaye angeruhusu hasara hiyo.

Angalia na maandishi ya fremu. Ukitaka bastola ya 1871, fremu isibebe tarehe ya Julai 1872. Unaweza kuliona ni jambo dogo, lakini mjuzi anaposoma tarehe hiyo haoni haja ya kuendelea kutazama.

Jambo moja zaidi, na hapa nakusihi. Wapo mafundi wanaochomachoma chuma kwa asidi na kusugua mpini ili bastola mpya ionekane imezeeka. Kama unapenda sura hiyo, ni hiari yako. Lakini fundi agonge alama yake na mwaka wa kazi mahali pasipofutika, chini ya mpini kwa mfano. Wewe utaondoka duniani, bastola itabaki, na asije mtu akauziwa kazi ya juzi kwa bei ya kitu cha 1871.

SWALI: Fundi, risasi za ganda zilikuwapo tangu miaka ya 1850. Kwa nini Colt wakangoja mpaka 1871? Walilala?

JIBU: Hawakulala, walifungwa mikono. Tarehe 3 Aprili 1855 Rollin White, aliyewahi kufanya kazi kwa Colt, alipata hataza ya silinda iliyotobolewa matundu yanayopenya kutoka nyuma hadi mbele. Bila tundu linalopenya huwezi kuingiza risasi ya ganda kwa nyuma. Mwaka uliofuata akawapa wenye kiwanda cha bastola cha Smith & Wesson haki hiyo peke yao, kwa mrabaha wa senti 25 kila bastola, na mzigo wa kushtaki wavunjaji ukabaki kwake yeye White. Kwa hiyo wakati wote wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, majeshi yalipigana hasa kwa bastola za fataki, ilhali wazo bora lilikuwa limeshasajiliwa.

Ubunifu uliozaliwa kwenye kizuizi hicho ndio unaonivutia zaidi. Tarehe 15 Septemba 1868 Alexander Thuer wa Colt alipata hataza ya mbinu ya kuikwepa hataza ya White: risasi yenye ganda lililochongoka kidogo kuelekea nyuma, unaipakia kwa MBELE ya silinda, na tundu halipenyi kwa jinsi ile ya White. Nyuma ikakaa pete unayoigeuza upande mmoja kwa kufyatua na upande wa pili kwa kutoa maganda. Ni kazi ya akili nyingi kwa ajili ya tatizo la kisheria, na haikuuzika vizuri. Kiwanda kingine cha bastola, Remington, walichagua njia ya kulipa. Mwaka huo huo wa 1868 walikubaliana na Smith & Wesson, wakawa wanafunga silinda mpya za matundu matano kwenye Army zao badala ya sita, kwa kuwa risasi ya kaliba .46 ilikuwa nene. Zaidi ya 4,500 zilimwendea mfanyabiashara Benjamin Kittredge wa Cincinnati.

Hataza ya White ilikwisha Aprili 1869. Aliomba aongezewe muda, Bunge likakubali, lakini Rais Ulysses Grant akakataa kutia sahihi Januari 1870. Mlango ukawa wazi. Ndiyo maana ukionyeshwa “Colt ya kiwanda iliyogeuzwa 1866” yenye matundu yanayopenya na kilango cha Richards, rudisha pesa yako mfukoni.

SWALI: Bwana fundi, nakala yangu ya Colt 1851 Navy kaliba .36 imefungwa silinda ya kula risasi za ganda za .38 Special. Inafyatua vizuri lakini risasi zinatapakaa kama mtama uliomwagwa. Kosa la silinda?

JIBU: La, ndugu yangu, silinda haina kosa. Majina ya kaliba ndiyo yanakupotosha. Mtutu wa “.36” ukipimwa ndani, ndani ya mifereji yake, una takriban inchi .375. Risasi ya .38 Special ina inchi .357 au .358. Risasi yako haishiki mifereji. Inapita ikiyumba, haijizungushi, na ikitoka inakwenda itakako.

Mafundi wa Hartford hawakupata shida hiyo kwa sababu risasi yao ya .38 ilikuwa na kisigino: sehemu ya nyuma ni nyembamba ili iingie ndani ya ganda, na sehemu inayoonekana nje ina unene sawa na ganda lenyewe. Kwa hiyo ilijaza mtutu ule ule wa zamani. Army ya .44 ilifanyiwa hivyo hivyo. Jeshi la majini la Marekani lilipozirudisha Navy zake kiwandani miaka ya 1870 zikageuzwe, mitutu haikuhitaji kubadilishwa. Baadaye ndipo risasi ilipoingizwa nzima ndani ya ganda, ikapungua unene, na jina la .38 likabaki.

Kwa anayejali ukweli wa historia, jibu ni risasi ya kisigino. Wengine hutumia risasi iliyotengenezwa kwa madini laini ya risasi, yenye kitako chenye uvungu, ambacho hutanuka kinaposukumwa. Wengine hupeleka mtutu kwa fundi mwenye leseni awekewe bomba jembamba ndani. Inalenga vizuri, ila ndani yake si Navy tena. Lolote utakalochagua, baki kwenye baruti nyeusi au risasi za nguvu ndogo ambazo mtengenezaji wa silinda yako ameziruhusu kwa maandishi.

SWALI: Fremu yangu ni ya shaba. Inageuzika?

JIBU: Usiigeuze. Shaba hutanuka kidogo kidogo kwa kila pigo, pengo kati ya silinda na mtutu linakua, na bamba linaanza kucheza. Iache kwenye fataki na baruti kidogo. Itadumu, na ni nzuri hivyo ilivyo.

SWALI: Niko Marekani. Bastola ya fataki niliinunua bila karatasi nyingi. Nikiigeuza inakuwaje? Na je, naweza kuwageuzia wenzangu kwa malipo?

JIBU: Kwa sheria ya shirikisho ya 1968, nakala ya fataki isiyoweza kula risasi za ganda za kawaida huhesabiwa kuwa silaha ya kale. Siku unapofunga silinda ya kula ganda, imekuwa silaha kamili, na masharti yote ya silaha yanaifuata. Ajabu yake ni kwamba Richards halisi ya 1871 inayokula ganda bado ni ya kale kwa sababu ilitengenezwa kabla ya 1899, ilhali nakala yako mpya, hata ikifanana nayo skrubu kwa skrubu, si ya kale. Kujifungia silinda kwa matumizi yako ni jambo moja. Kuwafanyia wengine kama biashara kunahitaji leseni ya utengenezaji. Majimbo nayo yana sheria zao, na mengine ni makali kuliko shirikisho, kwa hiyo anza na ofisi husika ya jimbo lako kabla hujaagiza kipuri chochote.